Mjusi Niliyemsilimisha

Mwezi uliopita lori la salfa lilisimama mbele ya kibaraza ninaposhonea nguo hapa Mtwara mjini. Dereva alishuka kununua maji, lori likabaki na mifuko yake ya unga wa njano wa kupulizia mikorosho, na upepo ukaniletea ile harufu. Wenzangu mliokulia kwenye mikorosho hamhitaji kuelezwa. Ni harufu ya kiberiti na yai viza, inaingia puani na kukaa kwenye meno. Mteja wangu aliziba pua kwa ushungi. Mimi niliacha kukanyaga cherehani. Sikumkumbuka mama yangu, wala shamba letu la kijijini Mpapura, wala shule. Nilimkumbuka Mjomba Hamisi, na nikajikuta nimekunja uso kama mtu aliyeng'ata korosho mbichi na ganda lake.

Mjomba Hamisi alikuwa kaka wa mama. Alikuja kukaa kwetu nilipokuwa darasa la tatu, akitokea Msimbati, na begi moja, redio moja na tumbo. Huko alikuwa mlinzi wa geti karibu na visima vya gesi. Ukimsikiliza ungedhani gesi yote iliyokwenda Dar es Salaam ilipita kwanza chini ya kiti chake na kumwomba ruhusa. Kwa nini aliacha kazi hiyo hakutuambia, na kwetu mjomba haulizwi. Sisi Wamakonde mtoto ni wa ukoo wa mama, kwa hiyo mjomba akiingia ndani ya nyumba ameingia mwenye nyumba, hata kama nyumba yenyewe imejengwa na dada yake kwa korosho alizookota mwenyewe. Baba yangu alikuwa na mke mwingine upande wa Nanyamba, na kwetu alifika kama watu wanavyofika msibani, mchana tu. Basi Mjomba akapewa chumba cha mbele chenye dirisha, kilichokuwa changu na mama. Sisi tukahamia chumba cha nyuma, tukalala na mifuko ya salfa. Bibi, mama yao, alikuwa na chumba cha katikati, na hakuna aliyethubutu kumhamisha.

Kazi ya Mjomba ilikuwa kuelekeza. Siku za kupulizia mikorosho mama alibeba mashine mgongoni, uso ameufunga kanga, na Mjomba alisimama pembeni akitutangazia upepo unatoka wapi, kana kwamba sisi hatukuwa na ngozi. Zikiwepo kuni za kupasua, mgongo ulikuwa unamuuma. Yakiwepo maji ya kuteka, alikuwa anakaribia kuswali. Mimi alinipa jina la Bubu, kwa sababu nilikuwa mtoto wa haya, nikiulizwa swali natazama vidole vya miguu.

"Bubu, umekula?"

Niliitikia kwa kichwa.

"Anasema amekula wali wa nazi na kuku," aliwaambia watu, "amesema kwa kirefu kweli leo, mpaka nimechoka kumsikiliza."

Kila siku utani huo huo, mkavu kama makopa ya muhogo, na kila siku watu walicheka, maana alikuwa mwanamume pekee ndani ya nyumba na mtu hapendi kumwaibisha mwanamume aliyekaa kwenye mkeka wa mbele.

Lakini kazi moja aliifanya kwa mikono yake. Aliua mijusi. Habari yenyewe mnaijua: mjusi wa ukutani, yule mweupe anayelia ta-ta-ta, tunamwita mjusi kafiri, kwa sababu wazee wanasema Nabii Ibrahimu alipotupwa motoni wanyama wengine walileta maji, huyu akaupuliza moto uzidi kuwaka. Anayemuua anapata thawabu, na anayemuua kwa pigo moja anapata zaidi. Ustadhi wetu wa chuo cha Kurani alitusimulia mara moja, kisha akaendelea na somo la kutawadha. Mjomba aliichukua habari hiyo akaifanya dini nzima. Swala ya alfajiri ilimpita amelala, lakini mjusi hakumpita. Ijumaa ndiyo ilikuwa siku yake kubwa. Alioga, akazunguka vyumba vyote na ndala mkononi, kisha akavaa kanzu na kwenda msikitini akiwa na kitu cha kujisifia. Alidai siku hiyo malipo ni mara mbili. Sijawahi kumsikia mtu mwingine akisema hivyo.

Namna yake ya kuua ilikuwa hivi. Alisimama mlangoni, mguu mmoja ndani na mmoja nje, akairusha ndala. Ikikosa aliniita niiokote, akarusha tena. Hakusogea hata hatua moja. Nami nilimtazama kwa heshima! Ustadhi alikuwa ametufundisha jinsi mahujaji wanavyompiga shetani kwa vijiwe kutoka mbali, nikaamini hii nayo ni sheria, kwamba kafiri hapigwi kwa karibu, lazima arushiwe. Nilipomwona Bibi akimpiga mjusi mmoja kwa ufagio palepale ukutani, bila kuacha kuzungumza na jirani, nilimsikitikia kwamba thawabu zake zimepotea. Macho yangu yalikuwa mazima. Niliyaona magoti ya Mjomba yakitetemeka pale mlangoni, nikadhani ni hofu ya Mwenyezi Mungu.

Siku moja ndala yake iligonga boriti, na chini kukaanguka mkia. Mkia peke yake, unarukaruka sakafuni. Mjomba alirudi nyuma mpaka uani, kisha akatangaza kwa sauti kwamba amemkata vipande viwili.

"Kipande cha pili kiko wapi?" Bibi aliuliza.

"Kimeungua."

"Kimeungua na nini, Hamisi? Ndala ina moto?"

"Mama, mambo ya dini usiyaingilie."

Kipande cha pili nilikikuta jioni ile nyuma ya mifuko ya salfa, kizima, kinanitazama. Sijui kwa nini sikupiga kelele. Labda kwa sababu na yeye alikuwa amekaa kimya, amejibana kwenye pembe ya ukuta kama mimi nilivyojibana darasani. Nilimfunika kwa mkono, nikamtia kwenye kopo tupu la maziwa ya unga, nikatoboa mfuniko kwa msumari na kumtandikia nyasi. Nilimlisha nzi, na mchwa niliowakwangua kwenye nguzo za choo. Mwanzoni alijificha chini ya nyasi nikifungua. Baadaye akawa akiuona mkono wangu tu anakuja. Ulimi wake ulikuwa baridi, ukigusa kidole unahisi kama tone la maji. Mkia mpya ukaanza kuota, mfupi na mnene, kama penseli iliyochongwa mpaka ikaisha.

Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Ustadhi alitufundisha kwamba mtu yeyote akitamka shahada kwa moyo safi amekuwa ndugu yetu, na kumdhuru ni haramu. Nililiwaza jambo hilo taratibu, kwa siku nyingi. Kama kosa la mjusi ni ukafiri, basi dawa yake inajulikana, na nilishangaa kwamba watu wazima wamerusha ndala miaka yote hiyo bila kuijaribu. Asubuhi tatu mfululizo, kabla ya kwenda shule, nilijifunika kanga mimi na kopo langu, nikamsomea shahada kwa sauti ya chini, neno baada ya neno, nikisubiri. Koo lake lilipanda na kushuka. Nikaona anaitikia. Asubuhi ya tatu nikamwambia amekuwa Mwislamu na jina lake ni Shomari. Mimi niliyeshindwa hata kusema "nipo" mwalimu akiita majina, nilizungumza na mjusi mpaka mama akauliza kutoka uani kama nina homa.

Lilibaki jambo moja tu. Ilibidi Mjomba aambiwe. Ndala zake zilipita kila ukuta wa nyumba ile, na Shomari hakuwa na alama ya kuonyesha kwamba yeye si mmoja wa wale wengine. Nilipanga maneno: Huyu ni wangu, amesilimu, hapigwi. Maneno machache tu. Kila siku niliyapeleka mpaka kwenye pazia la chumba cha Mjomba, na kila siku niliyarudisha.

Ijumaa moja nilirudi kutoka shule nikamkuta Bibi ameketi uani anapima kunde kwa kopo langu.

"Bibi," nilisema.

"Eeh."

"Kopo."

"Kopo limefanyaje?"

"Lilikuwa na... kitu."

"Lilikuwa na nyasi na mavi ya panya! Nimekung'utia hukohuko chumbani kwenu, kwenye mifuko. Kopo zima hili unalitia uchafu, mtoto wa kike? Nani kakufundisha?"

Nilikimbia ndani. Bafuni kwetu kulikuwa uani, kumezungushiwa makuti, na Mjomba alikuwa mle anajiandaa kwa swala ya Ijumaa. Nilimsikia akivuta maji puani na kuyatoa kwa kishindo kama ng'ombe mtoni. Akitoka mle angechukua ndala. Nilikuwa na muda wa ndoo moja ya maji.

Nilivuta mifuko, nikakung'uta godoro, nikapekua nguo za mama. Ukutani walikuwepo mijusi wawili, wote wana mikia mirefu. Nilikaribia kulia ndipo nilipotazama chini. Mfuko mmoja ulikuwa umetoboka, salfa imemwagika sakafuni, unga laini kabisa, na juu ya unga ule zilipita nyayo. Vidole vidogo kama alama za sindano, na katikati mstari mfupi wa kile kijimkia. Nilizifuata kwa magoti. Zilitoka mlangoni, zikapita ukumbini pembeni mwa mkeka, zikififia, na ya mwisho ilikuwa chini ya pazia la Mjomba.

Sikuwa nimeingia chumba kile tangu kiache kuwa chetu. Kilinuka marashi na miguu. Kanzu ilining'inia kwenye msumari, redio iko dirishani pale mama alipokuwa akiweka taa. Nilitazama nyuma ya redio, nyuma ya begi, nikaingia chini ya kitanda cha kamba, na huko ndiko niliposikia ndala zake zinakuja, chwa, chwa, zimelowa.

Sikutoka. Niliona visigino vyake vikipita mbele ya pua yangu, vyeupe na laini, visigino vya mtu asiyekwenda shamba. Kumbe siku hiyo alikuwa amechelewa, hakuwa na muda wa kuzungukia vyumba. Alisimama mbele ya kioo. Kisha akaanza kusema, nami nikadhani kuna mtu mwingine chumbani.

"Nikamwambia, mzungu, hapa hupiti." Akakohoa. "Nikamwambia, wewe mzungu, hapa hupiti!" Akashusha sauti iwe nzito. "Hapa. Hupiti."

Alikuwa akifanya mazoezi ya hadithi yake ya getini, ya kwenda kuwasimulia wenzake nje ya msikiti. Ndiyo sababu kila mara ilikuwa tamu kuliko mara iliyopita.

Aliporidhika akavuta kanzu kutoka kwenye msumari. Nilisikia kitambaa kikipita kichwani. Halafu ikatoka sauti ambayo sijaisikia tena kwa mwanamume.

"Mama! Mama wee! Nakufa mimi!"

Kitanda kilibonyea mpaka kamba zikaugusa mgongo wangu. Alikuwa ameruka juu yake na miguu yote. Na sakafuni mbele yangu, katikati ya chumba, alianguka Shomari, kutoka kwenye mkono wa kanzu, akageuka tumbo chini na kutulia.

Mama aliingia wa kwanza, ana jembe. Bibi nyuma yake, na nyuma ya Bibi alikuwa Mama Zuhura, jirani yetu, aliyekuja kuazima ungo.

"Nyoka?" mama aliuliza. "Yuko wapi nyoka?"

"Si nyoka," Mjomba alisema. Nilimwona kwenye kioo: kanzu imemkaa shingoni, ameingiza mkono mmoja tu.

Bibi aliinama akatazama. Akainuka polepole.

"Nnungu wangu," alisema, kama Wamakonde wazee wanavyomwita Mungu. "Hamisi. Mjusi?"

"Kafiri, mama."

"Kwani ndiye wa kwanza kumwona?"

"Kanitambalia mwilini! Mwilini, mama!"

Mama Zuhura aliziba mdomo kwa kanga, mabega yakawa yanapanda na kushuka.

"Basi shuka umpige," Bibi alisema. "Si ndiyo kazi yako?"

"Nina udhu."

"Udhu na mjusi wapi na wapi?"

"Nikimpiga itaruka damu, nitaingia najisi, na muda wa hotuba ndiyo huo. Mnataka niende msikitini na najisi? Hilo ndilo mnalotaka nyie wanawake?"

Pale chini ya kitanda nikaelewa. Nikaelewa mlango, na mguu mmoja nje, na kurusha kutoka mbali, na kile kipande kilichoungua. Ulikuwa woga mtupu. Mtu mwenye ndevu alimwogopa mnyama anayeenea kwenye kopo, akauvingirisha woga wake kwenye dini kama mtu anavyovingirisha samaki aliyeoza kwenye jani la mgomba, na sisi wote tukala. Nilimdharau papo hapo. Nilidharau visigino vyake, sauti yake nzito, mzungu wake wa getini. Dharau ile ilikuwa tamu, sitadanganya. Nilihisi nimekua mkubwa kuliko yeye, na kwamba sasa, kwa mara ya kwanza, hakuna linalonizuia kusema.

Nilitambaa nikatoka.

"We Bubu! Unafanya nini chini ya kitanda changu?"

Wote walinigeukia. Shomari alikuwa hatua mbili kutoka kwangu, hakimbii, koo linapanda na kushuka. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Huyu ni wangu.

"Namtafuta," nilisema.

"Unamtafuta nani? Huyo?"

Niliitikia kwa kichwa.

Mjomba alinitazama, na niliona rangi ikirudi usoni mwake kidogo kidogo, kama mtu anayezama aliyeona gogo.

"Ulikuwa unamtafuta umpige," alisema.

Hakuniuliza. Alinisogezea jibu tu, kama mtu anavyomsogezea mgeni kigoda. Na Mama Zuhura alikuwa ananitazama, kicheko kimejaa kwenye kanga yake, hakijampata mwenyewe. Mpaka hapo kilikuwa cha kumcheka Mjomba, lakini nilijua kikisikia habari ya mjusi aliyesomewa shahada kitahama na kuja kwangu, na Mjomba atacheka kuliko wote, na Mpapura nzima itanisalimia kwa jina la Shomari mpaka niolewe.

"Ndiyo," nilisema.

"Mnaona!" Mjomba alinyoosha mgongo kulekule kitandani. "Mtoto huyu nimemfundisha mimi! Mnakaa mnasema Hamisi hafanyi kitu ndani ya nyumba hii. Haya, shika." Alinishushia ndala, ameikamata ukanda kwa vidole viwili. "Piga, mwanangu. Pigo moja. Thawabu zote zako, mimi nakuachia."

Nilipiga magoti. Shomari aliuona mkono wangu, akaanza kuja.

Nilipiga mara moja. Mkia mrefu wa kunidanganyia hakuwa nao.

Mama Zuhura alipiga kigelegele, kwa utani au kwa kweli, sijui. Bibi alisema, "Mkono huo, mwakani utabeba mashine." Mama alinitazama, akatazama ile nyasi moja iliyonasa kwenye nywele zangu, kisha akachukua jembe lake akatoka. Mjomba aliteremka kwa upande wa pili wa kitanda, akapita mbali na pale sakafuni, akaniwekea kiganja kichwani. Akaniita kwa jina langu. Tangu aje kwetu sikuwahi kulisikia mdomoni mwake.

Msikitini alisimulia, bila shaka, na bila shaka kitanda hakikuwemo kwenye hadithi. Alasiri nilipotumwa dukani watu waliniuliza njiani, "Ndiye huyu? Pigo moja?" Zamani ningetazama vidole vya miguu. Siku ile nilisimama nikawajibu kwa sauti, ndiyo, pigo moja, na mmoja wao alinipa kipande cha muwa.

Ningependa kuandika kwamba nililia. Sikulia. Nilikula ule muwa mpaka kwenye fundo. Mjomba alikaa kwetu miaka miwili zaidi, na sikuacha kumdharau hata siku moja, wala leo sijaacha. Lakini nikikaa vizuri kwenye kiti changu naona kwamba yeye angalau aliogopa mjusi. Mimi sikuwa namwogopa hata kidogo.

Ijumaa iliyofuata alimwona mwingine juu ya mlango wa jikoni. Aliniita kwa jina, kwa sauti ya upole. Nilikuwa uani natwanga muhogo. Niliuacha mchi kinuni, nikaenda mbio.